Shibiri Nane Mpaka Mbita

Tangu nirudi Jumatatu, kila anayepita mlangoni kwangu hapa Nyalenda, Kisumu, anauliza swali lilelile: "Mzee Otula, ni kweli ulisafiri siku tatu kwenda mahali unapoweza kupaona kwa macho?" Ni kweli. Nimechoka kusimulia vipandevipande, huyu anapata mwanzo, yule anapata mwisho, halafu mnakutana kwa kinyozi mnagombana. Sasa naandika yote. Someni, kisha mniache nifanye kazi.

Wengi wenu mnanijua kwa vibao vya saluni na vibanda vya chips. Hamjui kwamba zamani nilikuwa naandika boti. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nilichotoka nacho ni herufi, na hizo herufi zimelisha watoto sita. Siku hizo redioni kulikuwa na kipindi cha mashairi. Mtu mmoja akasema shairi lina mizani, yaani silabi zinahesabiwa, na mstari ukizidi silabi moja umeharibika kama suruali yenye mguu mmoja mrefu. Nikamwelewa papo hapo, kwa sababu ubao wa boti nao ni hivyo. Neno likizidi linaangukia majini.

Basi nikajitengenezea utaratibu. Silabi moja, shibiri moja ya mkono wangu. Ubao wa kulia shibiri nane, wa kushoto nane, kibao cha nyuma tano. Kila boti niliipa kiumbe wake wa majini, na kiumbe anajisemea mwenyewe. Watu wa pwani wana pweza na kasa wao. Mimi nina mbuta, omena, fisimaji, kambare, na nawatosheleza. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hilo.

Boti zenyewe zilikuwa za Odera, fundi wa Mbita. Yeye anaranda, mimi naandika. Tulikaa hivyo miaka kumi na moja, mpaka akaunda boti ya mdogo wake, Ouma. Mimi nikaipa kamongo, yule samaki anayepumua hewa kama mtu, ambaye ziwa likikauka anajizika kwenye tope akangoja mvua.

Kulia: *Ziwa likauka leo.*
Kushoto: *Mimi nalala topeni.*
Nyuma: *Nitaamka.*

Hesabuni. Nane, nane, tano. Nilijivuna wiki nzima. Lakini hakuna mtu anayeona pande tatu za boti kwa mara moja. Pale ufukweni uliokuwa ukitazama nchi kavu ni ubavu wa kushoto, na wanawake wa samaki wakasoma huo peke yake: Mimi nalala topeni. Wakamwambia Ouma asipande kitu kinachosema hivyo. Ouma akacheka. Mwezi wa pili upepo ukampindua, na tulipompata tulimtoa kwenye tope.

Siku ya mazishi mzee mmoja akasimama akasema boti iliandikwa kifo. Ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilisimama mbele ya jeneza nikasema maneno hayazamishi boti, upepo ndio unazamisha. Kisha nikawasomea shairi lote, nikiwahesabia silabi kwa vidole, ili waone halina kosa. Odera alinitazama mpaka nikafika kidole cha mwisho. Hatukusemezana tena. Miaka kumi na tisa.

Jumatano ya wiki iliyopita simu ikalia. Alikuwa Adhiambo, binti ya Odera.

"Baba Otula, mzee ameunda boti ya mwisho. Ni yangu. Macho yake yanaisha, hataunda nyingine. Jumamosi asubuhi inaingia majini. Anasema uje uandike."

"Mpe simu."

"Hataki simu. Anasema mambo yale yalisemwa kwa mdomo, mdomo huohuo uje."

"Nani amesema mimi nina la kusema?"

"Jumamosi asubuhi, Baba. Usipofika inaingia hivyohivyo."

Nikachukua kopo la rangi nyeupe, kopo dogo la nyekundu, brashi mbili. Shairi sikuwa nalo. Tangu Ouma azikwe sikuwa nimetunga hata moja. Nilijiambia nitalipata njiani.

Nyalenda mpaka Luanda Kotieno

Alhamisi kabla ya saa sita nilikuwa Luanda Kotieno, natafuta ferry ya kuvuka kwenda Mbita. Ni mwendo wa chini ya saa moja juu ya maji. Nilifika nikakuta hakuna maji. Gugu maji lilikuwa limejaa toka kwenye jeti mpaka mbali, kijani kibichi, ungedhani ng'ombe wanaweza kulishwa pale. Ferry imesimama upande wa pili.

Nikawafuata wenye boti ndogo. Mmoja alikuwa amelala ndani ya boti yake, kofia usoni.

"Nivushe."

"Mzee, injini ikimeza hayo majani inakohoa inakufa. Unataka tulale katikati?"

"Piga kasia."

"Kwa hii mikono?" Hata kofia hakuiondoa.

Ng'ambo niliona vilima, niliona mabati yakimetameta. Odera yuko chini ya mojawapo ya hayo. Nilitembea ufukweni kwenda na kurudi mpaka mama wa hoteli akaniita.

"Jaduong', mzee wangu, kaa chini, unanichosha mimi!"

Akanipa ngege wa kuchemsha na ugali. Nilimla yule samaki bila kumwonja, huku mkono wa kushoto ukihesabu chini ya meza. Nilikuwa nimemwona fisimaji kwenye matete, anatafuna kitu alichokitoa kwenye wavu wa mtu. Ikanijia:

*Nyavu zako ni sahani,
nashiba hujaamka.
Asante, bwana.*

Nane, nane, tano! La kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Nilitaka kupiga meza. Halafu nikafikiri: mvuvi gani atapaka hilo kwenye boti yake? Anayeibiwa ni yeye.

Kwenye meza ya pili alikaa dereva wa lori la barafu, mtu wa Nyeri aliyeishi Kisumu muda mrefu, jina lake Mwangi. Naye alikuwa akienda Mbita, anapeleka barafu arudi na samaki. Kila dakika tano anainuka kwenda kuangalia matone chini ya lori.

"Mzee, unahesabu nini hapo chini? Unasali rozari?"

"Natunga shairi la mnyama wa majini."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi ni mtu wa mlimani. Samaki wangu wa kwanza nilimkuta ameshaiva. Lakini mara moja nilienda Mombasa nikaona kaa. Yule mnyama anatembea kama mtu anayedaiwa! Nitungie kaa."

Sikumtungia. Mimi sitoi kazi kwa kuchekwa. Tulingoja mpaka jioni. Upepo ukavuma, nikasema sasa linasogea, na kweli likasogea: likaja upande wetu. Mwangi akatema mate.

"Asubuhi nazunguka kwa barabara. Kisumu, Ahero, Homa Bay, Mbita. Panda tukienda, mzee. Barafu hainitoshi kama rafiki."

Luanda Kotieno mpaka Nyalenda tena

Tuliondoka Ijumaa kukipambazuka. Nataka mlione hili jambo lilivyo: nilikuwa nimefika ukingoni mwa safari, na sasa lori linanirudisha nyuma, Bondo, Kisian, kila kilomita ikinitoa kwa Odera. Nilikaa ukingoni mwa kiti kama nitashuka wakati wowote. Mwangi alikuwa na tabia ya kupunguza mwendo kila akiona mtu anauza kitu.

"Ndizi hizo, mzee!"

"Endesha."

"Karanga?"

"Bwana, wewe una barafu nyuma yako!"

"Barafu inayeyuka hata nikiwa na njaa."

Tukapita hapa Nyalenda saa tatu na nusu. Msongamano ukatusimamisha mkabala kabisa na kichochoro changu. Pale kwenye bomba la maji mama watoto alikuwa kwenye foleni na ndoo zake. Akaniona juu ya lori.

"Umerudi? Mmepatana?"

"Sijafika."

"Tangu jana?"

"Tangu jana."

Akaweka mkono kiunoni. Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja, namjua ni nani na yeye anajijua, akasema kwa sauti, "Basi shuka unywe chai, Mbita itakuja yenyewe." Walicheka wote. Lori likasonga mbele, na pale, kwa hasira, ndipo kaa alinijia:

*Njia yangu ni ubavu,
nyumbani nimeshafika.
Wewe u wapi?*

Nikamwambia Mwangi. Safari hii hakucheka. Alilirudia mara mbili, akihesabu kwa kugonga usukani. Akasema, "Hilo ni langu. Utaniandikia kwenye bampa." Nikasema bampa haina shibiri za kutosha. Lakini moyoni nilijua siwezi kumpelekea Odera kaa. Angesema nimekuja na mzaha.

Nyalenda mpaka Sondu

Njia fupi ya Katito ilikuwa imekatwa na mafuriko, tukapitia Sondu. Kabla hatujafika sokoni lori likatoa sauti kama sufuria iliyoanguka, likaegemea upande. Springi imevunjika. Fundi akaja, akatazama, akaguna wanavyoguna mafundi wote. "Saa mbili," akasema. Alimaanisha sita.

Mwangi akakaa chini ya mti akishika kichwa. Barafu ikaanza kushuka barabarani kama kijito, na watu wa Sondu wakaja na ndoo. Mama mmoja akaosha miguu pale.

Mimi sikuweza kukaa. Ilikuwa siku ya soko, watu wa upande wa Kericho wamekuja na mahindi na maziwa, watu wa ziwani wamekuja na samaki. Nikaingia katikati na makopo yangu mkononi. Kulikuwa na kibanda cha mama anayeuza omena, chenye ubao mrefu mbele. Nilipouona, mkono ukaenda wenyewe. Nikaweka makopo chini nikaanza kupima kwa shibiri, huku nikisema silabi kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu.

"Wewe mzee! Unapima nini?"

"Napima omena," nikasema, bila kuinua kichwa.

"Omena inapimwa kwa gorogoro, si kwa mkono!"

Nikafika saba, nane, nikachukua brashi kuweka nukta pale ubao unapoishia. Hapo ndipo nilipokosea. Kumbe barabara ya pale inasemekana itapanuliwa, na wiki ile watu walikuwa wakingoja maofisa waje wapake vibanda alama nyekundu za kubomolewa. Mimi hapo, mzee mgeni, koti, brashi, kopo jekundu, napima kibanda na kunong'ona namba.

"Wamekuja!" mtu akapiga kelele. "Huyu hapa na rangi yake!"

Mkanda wa koti langu ulishikwa kutoka nyuma. Brashi ikaenda. Muuza mahindi mmoja, mtu mrefu wa upande wa Kericho, akainua kopo jekundu juu kama ushahidi mahakamani. "Mmemtuma mzee ili tuone huruma!"

"Mimi sijatumwa na mtu! Mimi ni mtunzi wa mashairi!"

Kisha soko zima likapasuka kwa kicheko.

"Mashairi kwa brashi ya inchi mbili!"

"Mwacheni aseme!" mwenye kibanda akasema. Aliitwa Mama Akeyo, mnene, sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. "Kama ni shairi tusikie. Kama si shairi, hiyo rangi atainywa."

Nilikuwa nimepima kwa silabi, kwa hiyo shairi lilikuwa karibu kuiva. Nikasimama wima, nikasema:

*Peke yangu ni uchafu,
tukiwa wengi ni fedha.
Taa izime.*

Maana omena huvuliwa kwa taa, anaifuata kama nondo, ikizimwa anapona. Watu walitikisa vichwa kukubali. Yule wa mahindi akashusha kopo. "Hiyo ya uchafu na fedha ni kweli," akasema. "Hata sisi ni hivyo."

Lakini Mama Akeyo hakutikisa kichwa.

"Iandike hapa kwangu," akasema, "lakini hiyo ya taa, hapana."

"Ndiyo inayofunga shairi, mama."

"Imfunge nani? Mvuvi anaishi kwa taa. Mimi hapa jioni nauza kwa taa. Taa ikizima mwizi anakuja. Mzee, wewe unakaa upande wa omena tu. Anayepita akisoma kwangu 'taa izime' atafikiri nini? Shairi ni la samaki, lakini kibanda ni changu!"

Nilimjibu. Nilimwambia mengi: kwamba nimeandika juu ya maji kabla hajazaliwa, kwamba asiyesikia shairi zima asilaumu kipande. Nikiwa katikati ya kusema hivyo nikajisikia. Ilikuwa sauti yangu ya mazishini, neno kwa neno, na vidole vyangu vilikuwa juu, vimekunjuliwa.

Nikavishusha. Nikamwandikia mistari miwili ya kwanza tu. Alinikaangia omena kwa nyanya nyingi, akaniwekea ugali mkubwa kuliko njaa yangu, akasimama pale mpaka nimalize. Ilikuwa tamu. Sikumwambia.

Sondu mpaka Homa Bay

Tulitoka Sondu jua likiwa limelala. Nusu ya barafu ilikuwa imebaki. "Nusu ya barafu ni barafu," Mwangi alisema, lakini hakusimama tena kwa karanga.

Nilikuwa na hofu sasa, nawaambia ukweli. Mashairi yalikuwa yakija, hilo halikuwa tatizo. Yalikuja kama maji ya bomba lililovunjika. Karibu na Homa Bay, ziwa lilipoonekana, akaja mbuta, samaki mla wenzake:

*Nimekula ndugu zangu,
sasa nala wana wangu.
Nina njaa tu.*

Zuri. Lakini nilikuwa nakwenda kwa mtu aliyezika ndugu yake, na hicho ndicho kichwa changu kilichonipa: Nimekula ndugu zangu. Nikamtazama Mwangi kama amesikia.

"Mzee, mbona umenyamaza?"

"Ukienda kwa mtu uliyemkosea, unaanza na nini?"

Alifikiri mpaka tukaingia mjini. "Kwetu unaanza kwa kukaa chini," akasema. "Usimwambie kitu ukiwa umesimama."

Tulilala Homa Bay ndani ya lori. Yeye alilala. Mimi nilisikiliza barafu ikidondoka.

Homa Bay mpaka Mbita

Jua lilikuwa limeshatoka tulipoingia Mbita. Niliruka kabla lori halijasimama, nikagonga goti, nikaenda nikichechemea na makopo yangu mpaka ufukweni. Boti ilikuwa bado juu ya magogo. Mchungaji alikuwa anatazama saa yake, wanaume wa kusukuma wamekaa mchangani, wanawake wa samaki wamejipanga na beseni zao. Adhiambo akaja mbio, akanipokea kopo moja.

Odera alikuwa amekaa kwenye kreti. Amekonda, macho yana ukungu kama dirisha la asubuhi. Nikakumbuka neno la Mwangi, nikakaa mchangani mbele yake, na goti likinilaani.

"Umechelewa," akasema.

"Ferry, Odera. Gugu maji."

"Miaka kumi na tisa, hiyo ferry?"

Wanaume wa kusukuma wakatazama pembeni.

"Anza nyuma," akasema. "Nenda ukaone."

Nikaenda nyuma ya boti. Mbao zote zilikuwa mpya, nyekundu za kuranda jana, isipokuwa kibao kimoja. Kibao cha nyuma kilikuwa cha kijivu, kimepasuka pembeni, kimeungwa kwa ustadi mpaka huoni msumari. Na juu yake, kwa rangi iliyobaki nusu, kwa herufi zenye mkia mrefu kwenye K ambazo hakuna mtu mwingine anayezichora, kimeandikwa: *Nitaamka.*

Nikashika ukingo wa boti.

"Kilikuja chenyewe," Odera alisema kutoka kwenye kreti yake. "Wiki ya tatu baada ya kumzika. Adhiambo alikuwa mdogo, alikiokota akichota maji. Boti yote ilivunjika, kikaja hicho tu. Nimekiweka darini. Mvule hauozi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea."

Basi mashairi yangu yote ya barabarani yakafa pale. Fisimaji, kaa, omena, mbuta. Mwisho ulikuwa umeshaandikwa, na niliuandika mimi. Nilitakiwa kutafuta silabi kumi na sita za kuufikia.

Nikaenda ubavuni kupima. Nikaweka mkono. Moja, mbili. Nane kamili, kidole cha mwisho kikaishia pale pale ubao ulipoishia. Shibiri zangu. Mkono wa Odera ni mkubwa kuliko wangu, siku zote ulikuwa. Kwa mkono wake ingekuwa saba. Mtu hajanigusa miaka kumi na tisa na hajasahau ukubwa wa kiganja changu.

Nikazunguka kushoto. Nikapita wanawake wenye beseni, nikasimama katikati yao, pale wanaposimama wao, nikatazama ubao mtupu. Sikuwahi kufanya hivyo hata mara moja maisha yangu yote. Siku zote nilisimama pua karibu na brashi. Kikongwe mmoja alikuwa kando yangu. Nadhani alikuwa mmoja wa wale waliomwonya Ouma. Sikumuuliza.

Nikarudi kwa Odera, nikakaa tena chini.

"Upande wa kushoto nilikosea."

"Najua."

"Na kwenye jeneza."

"Sema yote."

"Ouma alikuwa amelala pale na mimi nikahesabu vidole."

Mchungaji aliacha kutazama saa. Kisha Odera akainua mkono wake wa kulia, vidole vimekunjuliwa, kama alivyokuwa akifanya zamani nikimsomea kabla ya kuandika.

"Leta. Kulia."

Nilifumba macho. "Kamongo mimi sina haraka."

Vidole vyake vikakunjwa kimoja kimoja, mkono mmoja, kisha mwingine, vikaisha. "Kumi. Ubao wangu hauna hizo shibiri. Toa 'mimi'. Siku zote hiyo 'mimi' yako ndiyo inayozidi."

Wanawake walicheka. Nami nikacheka, kwa nini nisicheke.

"*Kamongo sina haraka*," nikasema.

"Nane. Kushoto."

Hapo nilikawia. Nilitazama maji. Mnajua jinsi ziwa lilivyopanda miaka hii, likala nyumba za watu mpaka huku kwetu, likashuka, likarudi. Nilifikiria mtu anayesoma ubavu huu peke yake, mama aliyesimama pale na mume wake yuko ndani. Lazima aweze kurudi nyumbani na mstari huo bila kuogopa.

"*Ziwa lijae, lishuke.*"

Akahesabu. Mkono ukabaki hewani, vidole viwili wazi.

"Huo wanaweza kuusoma," akasema. "Shika brashi, jua linapanda."

Niliandika kwa haraka kuliko nilivyowahi kuandika. Rangi ilikuwa mbichi walipoanza kusukuma, nikapiga kelele washike mbele na nyuma wasiguse ubavu, na jamaa mmoja bado aliondoka na nusu ya H begani. Nilimfuata majini mpaka kiunoni na brashi, nikairudisha. Adhiambo aliwasha injini. Boti ikageuka, ikatuonyesha mgongo. Kibao cha nyuma ndicho peke yake kilichokuwa kimekauka.

Mbita mpaka nyumbani

Jumapili nilikaa kwa Odera. Tulikula mbuta wa kukaanga, tukaongea habari za misumari. Jumatatu gugu maji lilikuwa limejiondokea lenyewe, na ferry ikanivusha kwenda Luanda Kotieno kabla chai haijapoa.

Katikati ya maji boti ya Adhiambo ikatupita karibu. Ubavu wa kushoto ulikuwa upande wetu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu aliyejifunza ukubwani: "Ziwa, lijae, lishuke." Akatikisa kichwa kukubali. "Haya," akasema, akaweka sawa leso ya mtoto.

Boti ikageuka ikaanza kwenda zake. Akasoma tena. "Nitaamka." Akanigeukia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. "Nani huyo ataamka, mzee?"

Nilikuwa na jibu. Vidole vilikuwa vimeshaanza kukunjuka.

Nikavirudisha mfukoni.